Hodi na Ukimya: Historia ya Kuchunguza Uhai wa Mitambo katika Mtandao wa Tarakilishi

Katika desturi za pwani yetu, mgeni haingii nyumba ya mwenzake bila ya kubisha hodi. Hubisha mara ya kwanza akangoja, hubisha mara ya pili akangoja, na mara ya tatu asipoitikiwa hushika njia akaenda zake. Yule anayeondoka hajui kama wenyewe wamelala, au wametoka, au wamo ndani na hawataki mtu, au wamepatwa na maafa. Ajualo ni moja tu, kwamba hakuitikiwa. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya fani moja ya elimu ya tarakilishi ambayo, ikichunguzwa vyema, msingi wake ni tatizo hili la mgeni mlangoni: nayo ni fani ya kuchunguza kama mitambo iliyounganishwa katika mtandao ipo na inapatikana, au haipo.

Yamkini msomaji wa jarida la lugha atauliza jambo hili linatuhusu nini sisi. Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kuuliza, kuitika, na kuufasiri ukimya ni mambo ya lugha kabla hayajawa mambo ya umeme. Pili, mwananchi aliyefunga safari tangu alfajiri hadi ofisi ya kaunti kutafuta cheti huambiwa na karani, "Mtandao hakuna," akarudi kwao. Kauli hiyo fupi huficha hali kadhaa zisizofanana hata kidogo, na ambaye hazipambanui hawezi kujua wa kumwendea ili mambo yatengenezwe. Waliounda mitandao ya kwanza walikabiliwa na ugumu huo huo, nao iliwachukua miaka mingi kujifunza kuzipambanua.

Mtandao wa kwanza mkubwa wa namna hii ulikuwa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kampuni ya Bolt Beranek and Newman, ya mji wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, ndiyo iliyopewa kazi ya kuunda mitambo ya kupokezana ujumbe iliyojulikana kwa herufi IMP. Kila mtambo wa IMP ulikuwa tarakilishi ya Honeywell iliyorekebishwa, ukawekwa baina ya tarakilishi kubwa ya mahali hapo na waya za simu zilizokodiwa. Wa kwanza ulifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti 1969, na kufikia Desemba mwaka huo ilikuwa imekwisha kusimikwa minne.

Mitambo hiyo ilikaa katika vyumba vya vyuo na maabara, na mingi ilikuwa mbali sana na waliyoiunda. Wenyeji wa vyumba hivyo hawakuwa na wajibu wa kuiangalia, wala pengine hawakuijua undani wake. Ilibidi basi mafundi wa Cambridge waweze kujua hali ya kila mtambo pasipo kuuona. Walitumia njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ilikuwa ya ujirani: mitambo miwili iliyounganishwa kwa waya mmoja ilipelekeana salamu kila baada ya muda mfupi, mmoja ukisema "hujambo" na wa pili ukijibu "nimekusikia". Salamu zikikosekana mara kadhaa mfululizo, waya ulihesabiwa kuwa umekufa. Njia ya pili ilikuwa ya kupeleka habari: kila mtambo uliandika ripoti fupi, kwa muda wa kama dakika moja kila mara, na kuipeleka katika kituo cha kusimamia mtandao kilichokuwa Cambridge, ukieleza ni waya zipi zilizo hai na ni tarakilishi zipi zinazoitika.

Ubora wa mpango huu ulikuwa katika kuzilinganisha habari za pande mbili. Maiti hajitangazii kifo chake. Mtambo uliokatikiwa umeme haukuweza kutoa ripoti kwamba umezimika, lakini majirani zake wote walitoa ripoti kwamba waya ziendazo kwake zimenyamaza, na hapo kituo kikajua. Lakini ikiwa mitambo miwili yote ilikuwa ikitoa ripoti zake kama kawaida, na kila mmoja ukasema kwamba waya wa kati umekufa, kosa lilikuwa la waya wenyewe. Basi wafanyakazi wa kampuni za simu wakaona ajabu: walipigiwa simu na watu wa Massachusetts kuambiwa kwamba waya wao huko California umeharibika, ilhali wao waliopo hapo hapo hawajatambua neno.

Hata hivyo, kutambua ni kazi, na kila kazi ina gharama yake. Siku ya tarehe 27 Oktoba 1980, mtandao mzima wa ARPANET ulianguka kwa muda wa saa kadhaa. Kisa hiki kilielezwa kwa urefu na Eric Rosen wa kampuni hiyo hiyo mwezi wa Julai 1981, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa maandishi bora kabisa ya fani hii, kwa kuwa mwandishi hajifichi nyuma ya wengine, anasema walichokosea.

Simu zilianza kuingia katika kituo kutoka kila pembe ya Marekani. Karibu kila mtambo haukuweza kuwasiliana na mwingine wowote. Waliokuwa wakisimamia walishindwa kuutazama mtandao kwa kupitia mtandao wenyewe, maana uliokuwa macho yao ndio huo huo uliopofuka. Wakafanya jambo rahisi: walipiga simu za kawaida hadi katika mitambo kadhaa iliyokuwa na nafasi ya kupokea simu. Mitambo ikaitika! Ilikuwa hai, inazungumza vizuri na yeyote aliyeipigia, ila waya zake zote za kuwafikia wenzake zilihesabiwa kuwa zimekufa. Kila mmoja ulikuwa mzima, na kila mmoja uliwaona wenzake kuwa maiti.

Chanzo chake kilipatikana katika zile habari za uhai. Kila mtambo ulikuwa na desturi ya kutangaza kwa wote hali ya njia zake, na kila tangazo lilipewa namba ili lililo jipya lijulikane na lile kuukuu litupwe. Namba hizo zilikwenda kutoka 0 hadi 63, kisha zikarudi 0 tena, kama saa ya ukutani irudivyo kwenye moja baada ya kumi na mbili. Ikazuka hitilafu katika mtambo uliokuwa na namba 29: kumbukumbu yake ilikuwa ikidondosha tarakimu. Matangazo ya jirani yake, mtambo wa 50, yakatoka humo yakiwa na namba tatu tofauti: 44, 40, na 8. Tukiziandika kwa tarakimu mbili zitumiwazo na tarakilishi, namba hizi ni 101100, 101000, na 001000, na msomaji ataona kwamba kila moja ni ile iliyotangulia iliyopotelewa na tarakimu moja. Sasa, kwa kanuni iliyokuwapo, 44 ilikuwa mpya kuliko 40, na 40 ilikuwa mpya kuliko 8. Lakini kwa sababu hesabu huzunguka, 8 nayo ilikuwa mpya kuliko 44. Kila tangazo likawa jipya kuliko jingine. Kila mtambo ulipolipokea ulilikubali, ukawapa majirani, ukapokea jingine "jipya" zaidi, nalo ukawapa, bila ya kikomo. Kwa kuwa matangazo haya yalipewa heshima ya kutangulizwa mbele ya kazi nyingine zote, mitambo ilishughulika nayo hata ikakosa nafasi ya kujibu zile salamu ndogo za "hujambo". Waya zikahesabiwa zimekufa, hali zilikuwa nzima.

Mafundi walitunga maagizo ya kuiamuru kila IMP iyapuuze matangazo yote ya mtambo wa 50, wakayaeneza mtambo kwa mtambo hadi mtandao ukapumua. Ninaloliona la maana katika kisa hiki ni kwamba mtandao haukuuawa na wingi wa barua za watu. Uliuawa na habari za kuulizana hali. Wanaoandika juu ya fani hii siku hizi hupenda kusema kana kwamba kuchunguza zaidi ni heri tupu. Wangefaa kumsoma Rosen.

Wakati huo huo, utaratibu mwingine ulikuwa ukiandaliwa. ARPANET ilikuwa mtandao mmoja wenye bwana mmoja. Lakini mitandao ilipozidi kuwa mingi, na kila mmoja na mwenyewe wake, kituo kimoja cha kupokea ripoti hakikutosha. Ilihitajika namna ya kumwezesha yeyote kubisha popote. Mwezi wa Septemba 1981, Jon Postel alitoa waraka wa itifaki ya ujumbe wa uongozi wa mtandao, iitwayo kwa kifupi ICMP, na ndani yake mlikuwa na jozi ya ujumbe iliyopewa jina linaloeleweka na yeyote aliyewahi kupiga kelele bondeni: ombi la mwangwi na jibu la mwangwi. Mtambo unaopokea ombi unatakiwa kulirudisha kama lilivyo kwa aliyelipeleka. Basi. Hauulizwi unafanya nini, wala unamtumikia nani. Kuanzia tarehe 1 Januari 1983, ARPANET yote iliingia katika itifaki mpya, na mlango wa kila mtambo ukawa na mahali pa kubishwa.

Aliyeupata mkono wa kubishia alikuwa Mike Muuss, mfanyakazi wa maabara ya utafiti wa silaha ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland. Mwezi wa Julai 1983, katika mkutano uliofanyika Norway, alimsikia David Mills akieleza namna alivyotumia ujumbe wa mwangwi kupima muda wa safari katika njia za mtandao. Neno hilo likamkaa. Desemba mwaka huo mtandao wa maabara yake ulipoanza vituko, alikaa akaandika programu ya kupeleka ombi la mwangwi, kungoja jibu, na kuonyesha muda uliopita. Sehemu kubwa aliimaliza kwa usiku mmoja. Akaiita Ping, kwa kuiga mlio wa mitambo ya sona, itumiwayo na nyambizi kupeleka sauti majini na kusikiliza irudivyo, maana aliwahi kujishughulisha na elimu hiyo alipokuwa chuoni. Baadaye Mills akalitafutia jina hilo maneno marefu ya kulieleza, kama wafanyavyo watu wasiopenda jina lisilo na nasaba. La kuchekesha ni kwamba Muuss alipomaliza programu yake, ile hitilafu iliyomsukuma kuiandika ilikuwa imekwisha kugunduliwa na kutengenezwa. Hakuihitaji tena. Walioihitaji ni walimwengu wengine wote.

Muuss mwenyewe alikuwa na kisa alichokipenda kuhusu programu hiyo, alichosimuliwa na fundi mmoja mkutanoni. Fundi huyo alikuwa na waya wa Ethernet uliokatikakatika, leo unapita, kesho haupiti. Akaiunganisha Ping na programu ya kutamka maneno, akavipeleka vyote katika vipaza sauti vya ofisini mwake, akafungulia sauti hadi mwisho. Tarakilishi ikawa inapiga kelele "ping, ping, ping", mara moja kila sekunde, naye akazunguka jengo zima akitikisa kila kiungo cha waya, mpaka alipotikisa kimoja na kelele ikakatika. Alikipata kilichoharibika kwa kuusikiliza ukimya.

Ukarimu wa kuitika ulipata nguvu ya sheria mwezi wa Oktoba 1989, pale kanuni za mitambo ya mtandao zilipotangaza kwamba kila mtambo ni lazima uweze kulijibu ombi la mwangwi. Lakini hodi hutumiwa na wezi pia. Mwishoni mwa mwaka 1996 ilijulikana kwamba ombi lililokuzwa kupita kipimo cha baiti 65,535 liliweza kuiangusha mitambo ya aina nyingi. Haukupita muda mrefu, wahalifu wakavumbua hila nyingine: kubisha kwa jina la mtu mwingine katika mtaa mzima kwa mpigo mmoja, ili majibu ya mtaa wote yamwangukie asiyebisha. Mwezi wa Agosti 1999 kanuni ilibadilishwa ili mitambo ya kuelekeza njia isiruhusu hila hiyo isipoamriwa. Na wenye mitambo wengi hawakungoja kanuni, walifunga milango. Tangu hapo mtambo mzima, wenye afya, unaofanya kazi yake barabara, huenda ukakaa kimya kwa makusudi. Maana ya ukimya ikazidi kutatanika.

Maana ya kuitika nayo haikuwa wazi hivyo. Kinacholijibu ombi la mwangwi ni sehemu ya ndani kabisa ya programu za mtambo, nayo huweza kuendelea kujibu ilhali programu inayotunza hati za watu imekufa zamani, mithili ya mlinzi anayeitika "karibu" langoni na ndani hamna mtu. Ndiyo sababu, mwaka 1988, ilitolewa itifaki ya SNMP, iliyowezesha kuuliza maswali ya ndani zaidi: waya zako zipi ni hai, umepitisha ujumbe kiasi gani, umekaa muda gani tangu ulipowashwa. Pia iliupa mtambo ruhusa ya kupiga ukelele wenyewe bila ya kuulizwa. Kwa hiyo zile njia mbili za 1969, ya kubishiana na ya kupeleka ripoti, zikarudi zikiwa zimevaa nguo mpya.

Mwaka 1999 Ethan Galstad alitoa programu ya NetSaint, ambayo mwaka 2002 ilibadilishwa jina ikawa Nagios, na iliyoenea sana. Humo mna fikira mbili ambazo mtu wa pwani angezitambua mara moja. Ya kwanza ni kwamba mtambo usipoitika mara moja hautangazwi kuwa umekufa. Huwekwa katika hali ya shaka, ukabishiwa tena kwa idadi iliyopangwa, na ukinyamaza mfululizo ndipo fundi aamshwe. Ya pili ni bora zaidi. Programu huelezwa ni mtambo gani uko nyuma ya upi, kwa hiyo ule wa mbele ukinyamaza, walio nyuma yake hawasemwi kuwa wamekufa. Husemwa kuwa hawafikiki. Lugha yetu inaubeba upambanuzi huu bila ya taabu: kufa ni hali ya mtu mwenyewe, kutofikika ni hali ya njia.

Upambanuzi huu umekuwa na uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki. Mike Muuss alifariki katika ajali ya gari tarehe 20 Novemba 2000. Mwezi huo huo, mjini Nairobi, kampuni za kutoa huduma za intaneti zilifungua kituo cha kubadilishana ujumbe kiitwacho KIXP. Kabla yake, ofisi mbili za Nairobi zilizojiunga na kampuni mbalimbali hazikuwa na njia ya kukutania nchini. Ujumbe ulipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi, ukashuka ng'ambo, ukavuka kwenda upande wa kampuni ya pili, ukapanda tena, na kushuka Nairobi. Jibu nalo lilifuata njia hiyo hiyo. Tukihesabu safari hizo nane za kupanda na kushuka, ni kilomita 288,000, ambazo mwanga wenyewe huzimaliza kwa karibu sekunde nzima. Yaani mtu wa Nairobi alimbishia jirani yake hodi kwa kupitia ughaibuni. Na kiungo cha ng'ambo kilipokatika, jirani alionekana amekufa, hali taa zake zinaonekana dirishani.

Kituo hicho hakikukaa wiki nyingi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kifungwe. Baada ya rufani na mashauriano kilifunguliwa tena Februari 2002. Uchunguzi uliotolewa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa safari ya ujumbe wa humu nchini ulikuwa umepungua kutoka milisekunde 200 hadi 600 ukawa 2 hadi 10. Kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na hapo safari ya kwenda ng'ambo nayo ikafupika.

Lakini kebo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Aliyekuwa amekaa London akiibishia hodi mitambo ya Dar es Salaam siku hiyo, na asipate jibu, hakuwa na namna ya kujua ni upi uliozimika na ni upi uliokuwa ukiwahudumia watu wa mtaa wake kama kawaida. Ili ajue, ilimpasa awe na jicho jingine ndani ya nchi, linalobisha kutoka karibu, na njia nyingine ya kulifikia jicho hilo isiyopita katika kebo zile zilizokatika. Na hivyo ndivyo walivyofanya wale mafundi wa Cambridge mwaka 1980, walipoacha mitambo yao na kunyanyua simu.